Kuchora Bango la Pwani kwa Stendi na Vituo vya Treni Dodoma: Mwongozo Kamili kwa Mchoraji wa Mandhari

Bango la bahari halina kazi kubwa ufukweni. Mahali pake ni bara: ukumbi wa abiria Dodoma, kioo cha ofisi ya tiketi stendi kuu ya Nanenane, ubavu wa basi linalopita Kibaigwa na Gairo kwenda chini. Mtu wa Bagamoyo bahari anaiona kila asubuhi. Mtu wa Chamwino aliyemaliza kuvuna zabibu, ana akiba kidogo na siku nne za mapumziko, huyo ndiye tunayemchorea.

Tangu treni ya reli ya kisasa ilipoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwezi Julai 2024, pwani imesogea karibu na sisi wa huku. Safari ni ya takriban saa nne. Kampuni za mabasi nazo zinapigania abiria kwa nguvu zaidi. Hata hivyo, matangazo mengi tunayoyaona yana picha ya chombo chenyewe, namba tano za simu na herufi nyekundu zilizojaa hadi pembeni. Naamini kwa dhati kwamba mchoraji wa mandhari anaweza kufanya kazi bora kuliko hiyo, na kulipwa vizuri. Mwongozo huu ni kwa ajili yake.

Njia hii imeshapitiwa na wengine. Uingereza, Norman Wilkinson, mchoraji wa bahari aliyezaliwa 1878, alichora mwaka 1905 bango la kampuni ya reli ya London and North Western kutangaza safari za Ireland. Mabango ya reli ya wakati ule yalikuwa yakijaza vijipicha na maandishi hadi nafasi ikaisha. Yeye aliweka meli moja, maji mengi na anga. Mwaka 1924 aliisaidia kampuni ya reli ya LMS kukusanya wachoraji wa Royal Academy, watu wa maonyesho ya heshima, wachore mabango ya vituoni. Mjini London, Frank Pick wa reli ya chini ya ardhi alikuwa ameanza tangu 1908 kuwapa wachoraji kazi, na akayatengea mabango yao sehemu maalumu ili yasichanganyike na matangazo ya biashara. Wote walielewa kwamba abiria hanunui treni, ananunua mahali anapokwenda.

Hatua ya 1: Pata maelekezo ya mteja kwa maandishi

Usiguse brashi kabla ya kujua bango litakaa wapi. Abiria aliyeketi ukumbini akisubiri treni ana dakika ishirini za kuliangalia, kwa hiyo unaweza kumwekea vitu vidogo vya kugundua polepole. Anayepita mbio na begi kichwani Nanenane ana sekunde tatu. Bango la nyuma ya daladala la Majengo au Area C linaonwa na dereva wa bodaboda aliye nyuma yake, tena kwenye vumbi. Hizo ni kazi tatu tofauti, na mchoro mmoja hauwezi kuzifaa zote.

Muulize mteja vipimo kamili, idadi ya nakala, muda wa kukaa ukutani, maneno ambayo lazima yawepo, na siku ya kukabidhi. Kisha uliza swali ambalo wengi hulisahau: nani ana kauli ya mwisho? Meneja wa masoko akikubali anga la kijivu, na mkurugenzi akataka la buluu wiki moja baadaye, utapaka mara mbili kwa bei ya mara moja. Jina la mwenye kauli liandikwe.

Kama mteja ni shirika la umma, mfano Shirika la Reli Tanzania, fahamu kwamba ununuzi wa umma hupitia NeST, mfumo wa serikali wa zabuni za mtandaoni. Jisajili mapema ukiwa na TIN na nyaraka zako za biashara. Kazi ikitangazwa wakati wewe bado unatafuta nyaraka, imekupita. Kwa mchoraji anayeanza, njia fupi zaidi ni kampuni ya mabasi, wakala wa tiketi, au hoteli ya pwani inayotaka wageni kutoka bara.

Hatua ya 2: Panda treni, nenda ukaione

Hapa sina mzaha. Bahari haichorwi kwa kutazama picha za simu. Roger Broders, Mfaransa aliyechora mabango maarufu ya pwani ya kusini mwa Ufaransa miaka ya 1920 na 1930, aliwezeshwa na kampuni ya reli ya PLM kusafiri hadi kwenye maeneo aliyotakiwa kuyachora. Omba na wewe. Tiketi ya kwenda na kurudi pamoja na malazi ya siku mbili iingie kwenye gharama za kazi kama mstari unaojitegemea, na mteja anayeendesha chombo cha usafiri ana urahisi wa kukupa tiketi kuliko fedha.

Chagua siku kwa kuangalia mwezi angani. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji huwa ya bamvua: yanajaa sana na kupwa sana, na kwenye pwani yetu tofauti hupita mita tatu. Siku hizo, Dar es Salaam na jirani zake, maji hupwa asubuhi kuelekea saa nne hadi saa tano, na kujaa alasiri. Ukifika ufukweni saa nne ukitaraji mawimbi utakuta mchanga mtupu, madimbwi, na akina mama wakiokota chaza mbali kabisa. Ni mandhari nzuri sana, lakini si ile aliyoagiza mteja wako. Angalia jedwali la maji kabla ya kukata tiketi.

Sasa jambo linalowaumbua wachoraji wa bara. Pwani ya Tanzania bara inatazama mashariki. Jua linachomoza baharini na kuzama nchi kavu, nyuma ya minazi. Bango linaloonyesha jua likizama kwenye maji ya Bagamoyo au Pangani ni kosa, na mtu wa pwani ataliona kabla hajasoma neno hata moja. Ukitaka machweo juu ya maji, vuka hadi upande wa magharibi wa Unguja, pale Forodhani. Kwa bango la bara, amka saa kumi na moja alfajiri. Mwanga wa kuanzia saa kumi na mbili hadi saa moja na nusu ndio wenye rangi za kuuza safari: anga la waridi na njano hafifu, maji ya fedha, vyombo vikiwa vivuli.

Vyombo navyo vina majina na maumbo yake. Ngalawa ni nyembamba na ina mikono miwili inayotoka ubavuni kushika mbao zinazoizuia isipinduke. Mashua ni pana, haina mikono hiyo. Jahazi ni kubwa, la mizigo, tanga lake limeinuka juu sana. Dau ni jingine tena. Chora kila kimoja kutoka pande mbili, uandike jina chini yake, na mwombe nahodha akusahihishe. Angalia pia upepo. Wakati wa kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi hivi, unavuma kutoka kaskazini mashariki. Kusi linavuma kutoka kusini katikati ya mwaka. Tanga lililojaa upepo huku minazi imelala upande wa pili ni picha isiyowezekana, na jicho hulikataa hata kama mwenye jicho hajui sababu.

Rangi ziandike kwa maneno papo hapo, kwa sababu simu huzidanganya. Maji ya kina kifupi juu ya mchanga mweupe ni kijani cha maziwa. Yakipita juu ya majani ya baharini yanakuwa na mabaka meusi ya kijani. Mbele zaidi kuna mstari mweupe ambapo mawimbi yanavunjika kwenye mwamba, na ng'ambo ya mwamba ndiyo buluu yenyewe. Mpangilio huo wa mikanda minne, mchanga, kijani, mstari mweupe, buluu, ni nusu ya bango imeshakuja bure. Rudi na kurasa nyingi za michoro ya haraka kuliko mchoro mmoja uliokamilika.

Hatua ya 3: Michoro midogo, ukubwa wa kiberiti

Ukirudi Dodoma, kaa mezani uchore mipangilio ishirini, kila mmoja si mkubwa kuliko kiberiti. Udogo huo unakulazimisha kuacha mambo. Mandhari ya kutundika sebuleni inaweza kuwa na mambo kumi. Ya bango iwe na matatu: umbo moja kubwa la giza, eneo moja kubwa la mwanga, na kitu kimoja kinachoshika jicho.

Mstari wa upeo wa macho usiuweke katikati. Ukiushusha chini, anga linakuwa kubwa na linakupa nafasi ya jina la mahali. Ukiupandisha juu, maji yanakuwa mengi na rangi zake zinaonekana. Kwa mtu wa Dodoma mimi huupandisha. Anga kubwa analo tayari hapa nyumbani, tena la kuvutia. Maji ndiyo hana.

Chukua mitatu iliyo bora, uipake kwa rangi tatu tu: nyeusi, kijivu, nyeupe. Ibandike ukutani na urudi nyuma hadi mwisho wa chumba. Kama huwezi kutambua ni nini, rangi hazitaiokoa. Mpe mteja hiyo mitatu achague mmoja na kusaini nyuma yake.

Hatua ya 4: Rangi chache, zilizofikiriwa

Mabango ya zamani ya reli yalichapwa kwa litografia, kila rangi na jiwe lake au bati lake. Rangi moja zaidi ilikuwa gharama zaidi, ndiyo sababu wachoraji walijifunza kutumia maeneo makubwa bapa ya rangi chache. Mashine za leo hazina kizuizi hicho. Macho ya abiria yanacho bado. Jiwekee rangi sita au saba, uzichanganye mapema kwenye vikopo vyenye mifuniko, na usiongeze nyingine.

Fikiria ukuta wa Dodoma. Kuanzia Juni hadi Novemba mji wetu ni hudhurungi, kijivu cha mawe, na udongo mwekundu. Kijani na buluu ya bahari ziko mkabala na rangi hizo, kwa hiyo zitang'aa zenyewe bila wewe kuzitia chumvi. Usitumie nyekundu kali kuvutia macho, mabango mengine yote yameshaimaliza. Mahali pamoja tu penye rangi ya joto, labda tanga lenye rangi ya machungwa iliyochujuka au mwanga wa alfajiri kwenye kuta za magofu ya Kaole, panatosha.

Kuna mtego wa uchapaji hapa. Mashine huchapa kwa wino wa samawati, majenta, njano na nyeusi. Buluu nzito ya bahari kuu, ile inayopendeza sana kwenye turubai, ikichapwa huelekea zambarau. Mwambie mtu wa grafiki kiwango cha majenta kikae chini ya samawati kwa asilimia 30 au zaidi. Kijani cha maji ya kina kifupi hutoka vizuri kwa sababu ni samawati na njano kidogo. Machungwa makali hufifia. Kwa kulijua hilo, chagua tangu mwanzo rangi zinazochapika.

Hatua ya 5: Kuchora kwenyewe

Tumia akriliki, au rangi ya mafuta kama una muda. Fremu yako iwe na uwiano uleule wa bango. Karatasi za A1 (milimita 594 kwa 841) na A2 (420 kwa 594) zina uwiano mmoja, kwa hiyo mchoro wa A2 unakuzwa hadi A1 bila kukatwa. Ongeza sentimita tatu kila upande, kwa ajili ya kukata na kwa mteja atakayebadilisha kipimo dakika za mwisho. Acha nafasi ya maneno tangu mwanzo, ukanda bapa chini au anga tulivu juu. Usijaribu kuibandika herufi juu ya mawimbi ukadhani itasomeka.

Hewa ya Dodoma ni kavu. Wakati wa kiangazi akriliki hukauka kabla hujalainisha mpaka kati ya anga na maji. Weka chupa ya kupulizia maji karibu, funika vikopo kwa kitambaa kibichi, na paka anga lote kwa mkupuo mmoja mapema asubuhi. Funga madirisha ya upande wa upepo, maana vumbi likitua kwenye anga bichi la buluu hutalitoa. Pangilia kazi kutoka mbali kuja karibu: anga, buluu ya mbali, mstari wa mwamba, kijani, mchanga, kisha chombo na minazi mwishoni.

Watu? Mmoja au wawili, wadogo, wenye mgongo kwetu au kwa mbali. Mtu mwenye sura kamili anakuwa yeye ndiye habari, na abiria hawezi tena kujiweka pale.

Hatua ya 6: Maneno

Jina la mahali, jina la kampuni, basi. Labda sentensi moja fupi. Kipimo cha mafundi wa mabango ni kwamba herufi ya sentimita 2.5 husomeka vizuri kwa umbali wa mita 3, kwa hiyo kwa mita 10 unahitaji sentimita 8 hivi. "Dar es Salaam" ni jina refu. Lipime kwenye karatasi kabla hujaamua upana wa ukanda.

Nauli na saa za safari zisiingie kwenye mchoro. LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, ikitangaza nauli mpya, bango zima linakuwa uongo. Mteja akisisitiza, mwachie kona safi ya kubandika stika inayobadilishwa.

Hatua ya 7: Bei, haki, mkataba

Mwaka 1908 John Hassall alichora bango la mji wa pwani wa Skegness kwa ajili ya reli ya Great Northern: mvuvi mnene akirukaruka ufukweni. Alilipwa gini 12 (gini ilikuwa pauni moja na shilingi moja ya Uingereza). Mchoro ule uliendelea kuutangaza mji ule kwa miongo mingi. Gini 12, mara moja. Soma hilo mara mbili kabla ya kusaini chochote.

Uza matumizi, usiuze kila kitu. Mkataba useme mteja ananunua haki ya kuchapa bango hili kwa nakala ngapi, kwa muda gani, na katika maeneo yapi. Akitaka kuliweka kwenye fulana, kalenda au televisheni, mnazungumza upya. Mchoro halisi, ule wenye rangi, unabaki wako isipokuwa umenunuliwa kwa bei yake. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda kazi ya msanii katika maisha yake na miaka 50 baada ya kifo chake. Isajili kazi COSOTA, ofisi ya hakimiliki, upate cheti. Siku ya ugomvi karatasi hiyo inazungumza kuliko wewe.

Gawa malipo mara tatu: nusu unaposaini, robo mteja anapokubali rangi, robo unapokabidhi faili. Bila advansi usinunue turubai. Andika pia marekebisho mangapi yako ndani ya bei. Mawili yanatosha, la tatu lina gharama. Kwenye hesabu, kumbuka kwamba malipo ya huduma hukatwa kodi ya zuio, kwa kawaida asilimia 5. Dai hati ya makato hayo kila mara, maana utaihitaji TRA.

Mbinu moja ya biashara: pendekeza mabango mawili. La pwani litundikwe Dodoma, na la Dodoma litundikwe Dar es Salaam. Mibuyu isiyo na majani mwezi Septemba, mawe makubwa yenye mwanga wa jioni, mashamba ya zabibu Hombolo, michoro ya miambani ya Kondoa iliyoingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Mteja analipia treni au basi linalokwenda na kurudi, na kiti kitupu cha kurudi kinamuuma vilevile.

Hatua ya 8: Faili na kiwanda cha uchapaji

Mchoro mdogo upigwe skana. Mkubwa upigwe picha nje, kivulini, siku ya mawingu hafifu, kamera ikiwa imetazamana nao sawasawa. Bango la kusomwa kwa karibu linahitaji nukta 300 kwa inchi kwa ukubwa wake halisi, na la mbali 150 zinatosha. Ongeza milimita 3 za kukatwa kila upande. Usitume faili kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, inabanwa na kuharibika. Tumia kiungo au flashi.

Kabla ya kuchapa zote, lipa nakala moja ya majaribio. Ipeleke nje kwenye jua la saa sita, iweke kando ya mchoro wako. Ndani ya duka, chini ya taa nyeupe, kila buluu inaonekana sawa. Rekebisha, chapa tena, saini nyuma ya nakala iliyokubalika, na mwachie mchapaji kama kipimo.

Hatua ya 9: Kutundika

Nenda mwenyewe. Jua la hapa hula njano na majenta kwanza, na bango la bahari lililoachwa wazi hugeuka buluu tupu iliyopauka. Kwa nje, dai stika yenye utando wa kuzuia miale ya jua. Kwa fleksi, yaani bango la turubai la plastiki, weka tundu la chuma kila nusu mita, kwa sababu upepo wa Julai hadi Septemba huchana pembe kwanza. Epuka ukuta unaotazama magharibi kama kuna mwingine. Ukumbini, katikati ya bango pawe kwenye usawa wa macho ya mtu aliyeketi, si aliyesimama, maana wengi wanaosubiri wameketi kwenye mabenchi.

Piga picha bango likiwa mahali pake na watu wakipita mbele yake. Picha hiyo ndiyo utakayomwonyesha mteja wa pili. Chukua nakala tano za kwako, zilizotajwa kwenye mkataba, uzihifadhi zikiwa zimelala bapa gizani. Rudi baada ya miezi mitatu uangalie rangi na pembe, umwandikie mteja ulichokiona, na kama muda wa matumizi unakaribia kwisha, mpelekee bei ya kuuongeza kabla hajakuuliza.